Malalamiko kuhusu mifuko 12 ya kulalia mliyoniuzia kwa maelezo yasiyo ya kweli

Arusha,
15 Julai 2024.

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Kambi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MIFUKO 12 YA KULALIA YA SAFARI ZA MAENEO YA JOTO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Desemba mwaka jana niliagiza kwenu, kupitia tovuti yenu, mifuko 12 ya kulalia ya kambini kwa Sh 95,000 kila mmoja. Jumla ni Sh 1,140,000, na juu yake nikalipa Sh 30,000 za kusafirisha mzigo kwa basi hadi Arusha. Naambatanisha nakala ya risiti, picha ya ukurasa wa bidhaa kama ulivyosomeka siku niliyolipa, na picha za mifuko yenyewe. Mlichonitumia hakilingani na mlichokitangaza kwa uzito, kwa kiwango cha joto, kwa zipu wala kwa kitambaa cha ndani. Nimelisema hili kwa simu tangu mzigo ulipofika, na kila mara nimejibiwa kwamba linashughulikiwa. Sasa naliweka kwa maandishi.

Naendesha kampuni ndogo ya safari za kambi. Wageni wangu wengi ni watu wa bei nafuu, wa begi mgongoni na usafiri wa basi. Tunakwenda Ziwa Eyasi, tunakwenda Engaresero kando ya Ziwa Natron, na baadhi yao wakimaliza huku huteremka hadi Pangani na Ushongo kulala ufukweni, wakiwa na mifuko niliyowakodisha. Natron iko mita kama 600 tu juu ya usawa wa bahari. Mwezi Februari jua likizama joto halizami nalo. Ardhi inaendelea kulitoa, na ndani ya hema mtu anatoka jasho hadi usiku mkubwa. Halafu alfajiri upepo unageuka, na yule aliyelala bila kitu anaanza kujikunyata. Mtu wa safari hizi anahitaji mfuko mwepesi, unaokunjika ukawa mdogo, unaofunguka wote ili saa za joto aulalie au ajifunike juu juu, na saa za alfajiri aufunge. Ndiyo maana niliuchagua wa kwenu. Ukurasa ulisema: gramu 700, nyuzi joto 5, hufunguka kuwa blanketi, bitana ya pamba. Niliisoma orodha hiyo mara mbili nikaona kila nilichotaka kimo.

Nianze na uzito, kwa sababu huo ulijionyesha siku ileile. Nilikwenda nao dukani kwa jirani, kwenye mizani yake ya kidijiti, tukapima mmoja mmoja. Hakuna uliopungua gramu 1,270, na wengi ni 1,280, bila kuhesabu kimfuko chake cha kuhifadhia. Nilipopiga simu, mhudumu wenu aliniambia kwamba gramu 700 ni uzito wa ujazo, yaani zile nyuzi za kutunza joto zilizoshindiliwa ndani, na kwamba "ndivyo viwanda vinavyoandika". Kweli, viwanda huandika uzito wa ujazo, lakini huuandika kwenye mstari wake, na uzito wa mfuko mzima kwenye mstari mwingine. Kwenye ukurasa wenu kuna mstari mmoja tu, nao unasema "Uzito". Hakuna msafiri anayebeba ujazo peke yake akaacha kitambaa na zipu nyumbani. Gramu 580 za ziada kwa mifuko 12 ni karibu kilo 7, na kilo hizo zinakaa juu ya migongo ya watu na ya punda wa wenyeji wanaotubebea mizigo Natron. Mgeni akipanda ndege ndogo ya kuelekea mbugani, ambako kikomo cha mzigo kwa kawaida ni kilo 15, kila nusu kilo anaihesabu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika barua hii, nalo ni ile namba 5.

Ndani ya kila mfuko, chini ya pindo la zipu, kuna lebo nyeupe ndogo iliyokunjwa na kushonwa upande mmoja. Ukiikunjua unakuta namba tatu: faraja 20, ukomo 16, hatari 5. Hizi ni namba za kipimo cha kimataifa, ISO 23537, kilichochukua nafasi ya kile cha Ulaya cha EN 13537 cha mwaka 2002. Hupatikana kwa kulaza ndani ya mfuko sanamu la mtu lenye vipasha joto na vihisi, kwenye chumba cha baridi. Kila namba ina maana yake. Faraja ni kiwango ambacho mwanamke wa kawaida hulala akiwa amejinyoosha bila kusikia baridi. Ukomo ni kiwango ambacho mwanamume, akiwa amejikunja, bado anaweza kulala bila kuamshwa na baridi. Hatari ni kile ambacho mwanamke anaweza kukaa saa 6 bila kufa kwa baridi. Hapo hakuna habari ya usingizi. Ni namba ya kuokoa maisha siku mambo yameharibika.

Mmechukua hiyo ya mwisho mkaiweka kwenye tangazo, peke yake, bila jina. Anayesoma "nyuzi joto 5" anaelewa kwamba penye baridi ya nyuzi 5 atalala salama. Ukweli ni kwamba mfuko huu umetengenezwa kwa ajili ya usiku wa nyuzi 20. Tofauti ya nyuzi 15 ni kubwa kuliko hata ile ya kati ya Tanga na Lushoto usiku wa Julai, na wateja wenu wanapita kutoka kwenye hali moja hadi nyingine ndani ya siku moja ya kukaa garini.

Matokeo yake niliyaona Juni. Kundi lilitoka Eyasi likalala Karatu, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako msimu huo usiku hushuka chini ya nyuzi 15. Kwa maelezo yenu, mifuko hii ilipaswa kutosha na kubaki. Usiku wa manane wanawake wawili walitoka hemani wamevaa kila nguo waliyokuwa nayo, mmoja ametia mikono ndani ya soksi, wakakaa jikoni karibu na mkaa wa mpishi hadi kulipopambazuka. Wanaume walilalamika kidogo, wengine hawakulalamika kabisa, na hapo ndipo lebo inapotoa jibu: namba ya faraja hupimwa kwa mwili wa mwanamke, na wanawake kwa kawaida husikia baridi mapema zaidi. Ningekuwa nimeambiwa 20, ningewapa mablanketi ya ziada kabla hawajaingia kulala. Mablanketi ninayo. Kilichokosekana ni habari sahihi.

Nilipoeleza haya, mhudumu mwingine alinijibu kwamba nchi hii ina joto na mfuko wowote unafaa. Jibu hilo limenisikitisha kuliko hasara yenyewe, kwa sababu ndiyo dhana inayofanya vifaa vya aina hii viuzwe kwetu ovyo. Anayelala penye joto ana mahitaji yake kama aliye na safari ya Kilimanjaro. Mfuko wa baridi kali ukiupeleka Natron hautumiki. Mfuko wa maeneo ya joto ukiupeleka nyanda za juu, mtu anatetemeka. Uamuzi wa kuchagua unategemea namba zile tatu, na mnunuzi wa Arusha au Mwanza anayeagiza kwa simu hana njia ya kukunjua lebo kabla ya kulipa. Anawategemea ninyi.

Kuhusu zipu, tangazo linasema mfuko "hufunguka kuwa blanketi". Zipu ya mfuko huu inashuka ubavuni na kukomea magotini. Kuanzia hapo hadi miguuni umeshonwa. Kishikio ni kimoja, kwa hiyo huwezi hata kufungua upande wa chini ili miguu ipate hewa, jambo ambalo kwa mfuko wa maeneo ya joto ni la msingi kabisa: mtu akiitoa miguu nje, mwili wote unapoa. Wageni wa Natron mwezi Februari walifanya walichoweza. Walitandika mfuko chini, wakajifunika kanga na vikoi. Tena nyuma ya meno ya zipu kitambaa kimeachwa laini, hakuna utepe mgumu wa kukizuia, hivyo kila ukipandisha kishikio kinauma kitambaa. Mifuko miwili imeshachanika mahali hapohapo, chini kidogo ya bega, na picha zake mtaziona.

Bitana nayo si pamba. Ilinitia shaka tangu mwanzo kwa jinsi inavyong'aa na inavyoganda kwenye ngozi yenye jasho, nikampelekea fundi cherehani wangu. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo akauwasha kiberiti. Pamba huungua ikaacha jivu jepesi. Uzi huu uliyeyuka, ukajikunja, ukabaki kidonge kigumu cheusi. Hiyo ni poliesta. Poliesta si kitambaa kibaya, inakauka haraka na ni imara, na kuna iliyofumwa vizuri isiyoganda mwilini. Lakini niliahidiwa pamba, nikawaambia wageni wangu ni pamba, na mmoja wao alikuwa na ngozi inayomsumbua kwa vitambaa vya plastiki.

Ili mjue silalamikii kila kitu: ujazo wa ndani ni wa nyuzi za viwandani kama nilivyoomba, na huo ndio unaofaa kwa pwani. Manyoya ya bata ni mepesi zaidi kwa joto lilelile, lakini yakilowa au yakikaa kwenye unyevu wa Pangani kwa siku kadhaa yanashikana na kupoteza nguvu yake, na kuyakausha ni kazi. Kitambaa cha nje nacho ni kizuri na mishono yake imeshika. Kama mngeuza mfuko huu kwa jina lake, yaani wa nyuzi 20, gramu 1,280, zipu ya nusu, bitana ya poliesta, kwa bei inayolingana, nisingekuwa na neno. Nisingeununua tu. Ningetafuta wa mstatili wenye zipu ya vishikio viwili inayozunguka hadi miguuni, au ningechukua shuka za kushonwa za hariri, ambazo nyingi hazizidi gramu 200 na kwa usiku wa Natron zinatosha zenyewe.

Ninachoomba ni haya. Mpokee mifuko yote 12 kwa gharama yenu na kunirudishia Sh 1,170,000, yaani bei pamoja na usafiri. Siko tayari kupokea vocha wala "aina nyingine inayofanana", kama alivyopendekeza mhudumu wenu, kwa kuwa aina hiyo nyingine nayo imetangazwa kwa namba moja isiyo na jina. Pia mrekebishe ukurasa wa bidhaa hii mara moja: uzito wa mfuko mzima, namba zote tatu za lebo na maana ya kila moja kwa Kiswahili, urefu halisi wa zipu, na kitambaa halisi cha ndani. Asubuhi hii nimeufungua tena na maelezo ni yaleyale. Kuna mtu leo anaandaa safari ya shule au ya familia anayesoma ile 5 na kuiamini. Na kama mmeshawauzia wengine mfuko huu, mna namba zao za simu kwenye oda. Waambieni kabla hawajaenda nao nyanda za juu msimu huu wa baridi.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, nitawasilisha malalamiko haya pamoja na vielelezo vyake Tume ya Ushindani. Mifuko mnaweza kuifuata ofisini kwangu siku yoyote ya kazi. Nimeisafisha, nimeikausha, na ile miwili iliyochanika nimeitenga na kuifunga utepe mwekundu ili mhusika aione kwanza.

Wako mwaminifu,

(Saini)

Mmiliki na mwongoza wageni,
Kampuni ya Safari za Kambi, Arusha.

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha ya ukurasa wa bidhaa, picha za lebo, zipu, mifuko iliyochanika na mizani.