Kumnyima kijana maji si kumkomaza

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua mliyoichapisha wiki mbili zilizopita, ambamo msomaji wenu wa hapa Lubumbashi aliwasifu wale wanaowaandaa vijana wetu kwa mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Kananga kwa kuwakimbiza juani bila maji, mifuko ya mchanga mgongoni, mpaka wabaki wale tu "wenye damu ya kiaskari". Mimi ni mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja ya sekondari, na kwa miaka 11 sasa hukutana na vijana wenye ndoto hiyo hiyo kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alfajiri, kwenye uwanja wa mpira usio na hata jani moja la nyasi huku kwetu Katuba. Naomba nafasi ya kujibu, kwa sababu jambo hilo la damu, ambalo ndugu yetu alilitaja kama maneno ya kupamba barua, ndilo hasa linaloweza kumuua mtoto wa watu.

Nianze na niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, wakati joto la mji huu linapokuwa kali kabla mvua hazijashika, nilikuwa narudi kutoka upande wa Kasapa nikakuta kundi la vijana kama 20 wakipanda mwinuko, kila mmoja na mfuko wake. Mmoja wao akapunguza mwendo, akajishika mapaja, kisha akaketi katikati ya vumbi jekundu kama mtu aliyekatwa miguu. Hakuzimia. Alikuwa na akili zake zote, na alimwambia aliyekuwa akiwaongoza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Papa, miguu imekataa." Yule bwana, ambaye sitamtaja wala sitakitaja kituo chake, alimjibu kwamba miguu haina mdomo, akamwinua kwa kola ya fulana, akamsukuma mbele. Kijana akatembea hatua chache, akaanguka tena, na safari hii akaanza kulia kwa maumivu ya mapaja na kiuno. Mama mmoja aliyekuwa anauza maji ya vifuko kando ya barabara ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha biashara yake na kumkimbilia. Wanaume tuliokuwepo tulikuwa bado tunabishana kama anajifanya au haji­fanyi.

Tulimpeleka hospitali kwa teksi. Mkojo wake wa kwanza ulikuwa na rangi ya Coca-Cola. Daktari alitueleza kwamba misuli yake ilikuwa imeharibika, na kwamba taka za misuli hiyo zilikuwa zinapita katika damu na kuelekea kuziba figo. Alilala huko siku tisa, akiwekewa maji ya mshipa mchana na usiku. Baadaye kipimo cha damu kilionyesha kwamba ni AS, yaani amerithi hitilafu ya seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu.

Wengi wetu tunalijua neno hilo kutokana na maandalizi ya ndoa, pale wachumba wanapotumwa kwenda kupima ili AS wawili wasije wakazaa mtoto SS, yaani mgonjwa wa seli mundu. Harusi ikishapita, karatasi ile inafungiwa kwenye sanduku na hakuna anayeikumbuka tena. Mtu wa AS si mgonjwa. Anakula bukari, anacheza mpira, anazeeka kama wenzake, na katika nchi yetu ya Kongo takriban mtu mmoja kati ya wanne au watano ana hali hiyo. Lakini anapolazimishwa kwenda kwa nguvu zote bila kupumzika, mwili ukiwa umekauka maji na jua likiwa kali, chembe zake za damu zinaweza kujikunja kama mundu ndani ya misuli inayofanya kazi, damu ikashindwa kupita, na misuli ikaanza kufa. Dalili yake ya kwanza huwa ndiyo hiyo hiyo niliyoisikia njiani: miguu inalegea mapema, huku mtu bado anaongea vizuri. Kwa sababu anaongea vizuri, anayemsimamia humwona mvivu.

Jeshi la Marekani lilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987, uliohusu vijana walioingia mafunzo ya awali kati ya mwaka 1977 na 1981, ulionyesha kwamba kuruta weusi wenye hali ya AS walikuwa katika hatari ya kufa ghafla karibu mara 28 kuliko wenzao weusi wasiokuwa nayo. Ndugu yetu aliyeandika barua ile angeweza kusema: basi, wasiingie jeshini. Lakini sikilizeni kilichofuata. Mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine, safari hii wa wanajeshi weusi karibu 48,000 wa jeshi hilo hilo, na wenye AS hawakuonekana kufa zaidi ya wenzao, ingawa hatari yao ya kuharibika misuli ilikuwa bado juu kwa asilimia 54. Damu ilikuwa ni ile ile. Kilichokuwa kimebadilika katikati ni namna ya kufundisha: maji, mapumziko yanayolingana na joto la siku, kupandisha ugumu kidogo kidogo, na kumsimamisha mara moja anayesema miguu imekataa. Tena kanuni hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wenye AS peke yao. Ziliwekwa kwa wote, kwa kuwa zinamlinda kila mtu.

Ndugu yetu alitoa pia mfano wa Abebe Bikila, askari wa kikosi cha ulinzi wa mfalme wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, na akasema kwamba ndiyo maana vijana wetu wavuliwe viatu. Nampenda Bikila kuliko anavyodhani. Ila mfano wake aumalize. Bikila hakuokotwa njiani akakimbizwa mpaka akawa bingwa. Alikuwa na mwalimu mwenye ujuzi, Onni Niskanen wa Sweden, aliyepima mazoezi yake kwa saa mkononi. Na miaka minne baadaye, huko Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, na akatumia muda pungufu kwa dakika tatu hivi kuliko wa Roma. Sijawahi kumsikia yeyote wa upande ule akiitaja Tokyo.

Nadhani kosa letu linaanza pale tunapodhani kwamba chuo cha kijeshi kinatafuta watu wasiochoka. Kuruta anafundishwa kuutumia mwili wake. Anayekwenda kuwa ofisa anafundishwa hilo na jingine zito zaidi: kesho atasimama mbele ya watu 30, wengine wamelala na njaa, mwingine ana malaria ambayo haijapona, mwingine buti zake zimepasuka, na yeye ndiye atakayeamua watembee kilomita ngapi, kwa mwendo gani, na wasimame wapi wanywe maji. Ofisa ndiye mwalimu wa mazoezi wa kikosi chake, apende asipende. Herman Koehler alianza kufundisha mazoezi ya mwili katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, mwaka 1885, akakaa huko mpaka 1923, na kwake mazoezi yalikuwa somo lenye mpangilio kama hesabu. Douglas MacArthur alipokuwa mkuu wa chuo hicho, kuanzia mwaka 1919 mpaka 1922, aliwalazimisha makadeti wote, na siyo wale nyota wa timu peke yao, kushiriki michezo, akiwa ametoka moja kwa moja katika vita vikuu vya kwanza. Alitaka kila mmoja aijue michezo kwa mwili wake, ili baadaye aweze kuiendesha kwa askari wake. Sisi huku tunampeleka Kananga kijana ambaye somo pekee alilolipata ni kwamba mkubwa haambiwi kuwa mtu anaumwa. Huyo akipewa kikosi atafanya nini?

Kuna jambo jingine ambalo wanaoandaa vijana hapa hawalifikirii. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku kwetu watu wanatoka na makoti. Kananga iko chini, mita 600 na kitu, na joto lake ni la jasho lisilokauka. Mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto jipya, kwa kufanya kazi kidogo kidogo ndani ya joto hilo. Kijana aliyejiandaa kwa baridi ya Juni, akafika kule akajaribu siku ya kwanza kuonyesha kwamba yeye ni mtoto wa Katanga, anajitafutia matatizo hata kama damu yake ni AA, yaani haina hitilafu hiyo kabisa. Na hapo kuna kiharusi cha joto, ambacho kina sura tofauti na ile niliyoieleza: mwili unapita nyuzi 40, mtu anaanza kuongea ovyo, hajui yuko wapi. Huyo haburutwi kwenda hospitali akiwa bado anachemka. Anamwagiwa maji ya baridi pale pale, anapepewa kwa chochote kilichopo, halafu ndipo anasafirishwa.

Sitaki nionekane mtu wa kuwabembeleza vijana. Waliopita kwangu watacheka wakisikia hivyo. Wiki ya kwanza nawapima kwa dakika 12 za kukimbia, kipimo alichokitoa Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1968. Naangalia amefika mita ngapi na naandika kwenye daftari. Wakati huo namwambia kila mmoja aende kwa mwendo wake, asimfuate jirani. Pushapu ambayo kifua hakikushuka siihesabu, hata kama mtu amekwisha kutoa jasho la ndoo nzima. Kuna kamba nimeitundika kwenye tawi la mwembe nyuma ya goli, na hapo ndipo wenye mikono minene huaibika, kwa maana wanajivuta kwa mikono mitupu na kufikia mita ya tatu wananing'inia kama nguo iliyoanikwa. Msichana mmoja mwembamba, anayeuza makaa asubuhi akitoka mazoezini, aliwapita wote mwaka jana kwa sababu alijifunza kuibana kamba kati ya nyayo, mguu mmoja chini na mwingine juu, kisha kusimama juu yake na kupumzisha mikono kabla ya kupanda tena. Ufundi huo unafundishika kwa siku mbili. Kelele haziufundishi.

Mzigo mgongoni nauleta wiki ya sita, na unaanza na kilo tano. Mifupa ya mguu hukomaa polepole kuliko mapafu, na kijana anayejisikia ana pumzi nyingi hajui kwamba mifupa ya nyayo zake bado iko nyuma. Tangu mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia (dola ya zamani ya Wajerumani), Breithaupt, alikuwa amekwisha kueleza uvimbe wa miguu ya askari waliotembezwa mno. Miaka mingi baadaye picha za eksirei zilionyesha kwamba ile ilikuwa ni mipasuko ya mifupa. Kijana wa namna hiyo akipelekwa kwenye mtihani anachechemea, na mwaka mzima wa wazazi wake kuweka akiba ya nauli umepotea.

Kuogelea nakubali kwamba hapo nashindwa. Sina bwawa, na vijana wengi wa mji huu maji wanayajua ya ndoo. Pentatloni ya kijeshi, yaani shindano la michezo mitano ambalo majeshi ya dunia hushindana, ina mita 50 za kuogelea zenye vizuizi ndani yake, na mito ya nchi yetu haiulizi kama ofisa alikulia mjini. Kama kuna msomaji mwenye bwawa na moyo wa kutuazima saa moja kwa juma, tupo.

Maombi yangu kwa wahusika ni mawili. La kwanza, viwango vya mtihani wa mwili, yaani mita ngapi, pushapu ngapi, kamba ya urefu gani, vibandikwe katika kila komini (manispaa) miezi mitatu kabla ya mtihani, ili mzazi aweze kumwuliza anayemwandaa mtoto wake kwamba mfuko wa mchanga wa kilo 20 unajibu swali gani katika karatasi hiyo. La pili, kila kijana afike na karatasi ya kipimo cha damu, isiwe kwa ajili ya kumfukuza, bali ibaki mfukoni mwa mwalimu anayemkimbiza, ili siku miguu yake itakapokataa asiambiwe kwamba anajifanya.

Yule kijana wa barabara ya Kasapa alikaa miezi mitano bila kukimbia, kwa amri ya daktari, kisha akaja uwanjani kwetu na karatasi yake mkononi bila kuombwa. Jumanne iliyopita alimaliza dakika zake 12 akiwa na mita 2,450, na katikati alisimama mara mbili kunywa maji.

Mwalimu wa mazoezi ya viungo,
Katuba, Lubumbashi