Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: tupatieni meza ya kemia isiyo na mionzi

Mheshimiwa Waziri,

Ninafundisha kemia hapa Dodoma, ambako mwenyeji hashangai kuona birika lake limeganda ukoko mweupe, kwa kuwa maji ya visima vyetu anayajua. Kila muhula wanafunzi wangu hupima ugumu wa maji hayo kwa kudondosha EDTA, kemikali inayokamata metali, kwenye flaski, tone kwa tone, mpaka wekundu ulio kama divai yetu ugeuke buluu kwa ghafla. Hapo kalsiamu na magnesiamu yote imekwisha kukamatwa.

Molekuli za ukoo huohuo ndizo hubeba metali zenye mionzi mwilini mwa mgonjwa ili kamera ioneshe uvimbe ulipo. Mojawapo ni DOTA, pete yenye naitrojeni nne na mikono minne inayoifungia metali kama kizimbani. Kizimba kikilegea, metali hizo hutoroka: galiamu huchukuliwa na protini za damu, lutetiamu hukimbilia mifupani, na picha humpotosha daktari. Hata DOTA ina udhia wake: kwa kawaida huhitaji kupashwa moto hadi karibu nyuzi 95 ndipo iipokee galiamu-68, yaani galiamu yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila dakika 68, kwa hiyo robo saa ya kuchemsha tu imekula sehemu moja ya saba ya dawa. Ndiyo maana wakemia wakabuni vizimba vinavyofunga bila moto, kama HBED-CC inayotumika kutafuta saratani ya tezi dume.

Wengi wakisikia habari hii huwaza kuta za risasi na vibali vya Tume ya Nguvu za Atomiki. Vibali ni lazima mionzi inapoingia, lakini sehemu kubwa ya ubunifu haiigusi kabisa: galiamu ya kawaida hukamatwa sawasawa na galiamu-68, kwani ni elementi ileile. Teknetiamu, metali nyingine ya picha hizi, ndiyo isiyo na isotopu tulivu, yaani aina isiyotoa mionzi, nayo huwakilishwa na reniamu, iliyo chini yake katika jedwali.

Ninachoomba katika bajeti ijayo ni meza moja ya kusanisi molekuli hizi hapa Dodoma, pamoja na zamu ya uhakika kwenye mashine ya NMR, inayoonesha muundo wa molekuli, popote ilipo nchini. Mwanafunzi wangu mmoja ana unga mweupe usiozidi gramu mbili, uliokaa kwenye friji tangu Machi, kwa sababu hatujapata pa kuthibitisha kama pete yake imefunga.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa kemia, Dodoma