Kisu kilichokwama kifuani kisichomolewe

Mhariri,

Katika habari yenu ya kijana aliyechomwa kisu kifuani, mmemsifu jirani aliyekichomoa kabla gari halijafika. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji miaka 31, na sifa ile imeninyima usingizi.

Moyo umevikwa mfuko mgumu, usiotanuka upesi. Ukitobolewa, damu huvuja ikajaa ndani ya mfuko huo, na hata isiyofika robo lita yaweza kuubana moyo ukashindwa kupokea damu inayorudi. Presha inashuka huku mishipa ya shingo imetutumka, na ukitega sikio kifuani mapigo yanasikika kwa mbali. Hapo zimebaki dakika. Na huenda kisu chenyewe ndicho kizibo cha tundu!

Namkumbuka mmoja aliyeletwa na kisu chake. Mpini ulikuwa ukiruka kwa kila pigo la moyo. Tulimsukuma kitandani mle ukumbini hatuthubutu hata kukohoa. Daktari alikichomoa baada ya kufungua kifua, na papo hapo akaziba tundu kwa kidole. Kidole tu, mhariri, nami naandaa sindano na uzi. Tundu lilikuwa kwenye chemba ya chini ya kulia, ambayo ndiyo hujeruhiwa mara nyingi kwa kuwa imekaa mbele, nyuma ya mfupa wa kifua. Kijana yule alitoka wodini kwa miguu yake.

Mmeandika pia kwamba moyo ukitobolewa hakuna tiba. Mwaka 1896 mjini Frankfurt, daktari Ludwig Rehn aliushona moyo wa kijana mfanyakazi wa bustani kwa nyuzi tatu za hariri, siku ya pili baada ya kuchomwa kisu, na akapona. Sikatai, wengi hufa kabla ya kufikishwa hospitali, na waliopigwa risasi hufa zaidi kuliko waliochomwa kisu. Lakini anayefika akiwa bado ana mapigo ana nafasi, tena nzuri.

Naomba mchapishe marekebisho, ukurasa uleule na kwa herufi kubwa zilezile: kisu kiachwe kilipo, kizungushiwe vitambaa kisitikisike, majeruhi akimbizwe hospitali. Na kikiwa kimeshachomolewa, mtu asikirudishe. Hilo nalo nimeliona.

Muuguzi mstaafu