Nianze na meno yangu au na maji ya mtoto wa dada?

Shangazi, shikamoo.

Naishi Dodoma mjini, ninafanya kazi ya mapokezi hotelini, lakini nimezaliwa na kukulia Singida Vijijini. Meno yangu ya mbele yana michirizi ya kahawia, na mawili ya juu yana vishimo vidogo ambavyo vikinasa chai, rangi inazidi kukolea. Kijijini hakuna aliyewahi kuniuliza kitu, maana darasani tulikuwa wengi wa hivyo. Nilipokuja mjini ndipo nikaanza kuulizwa kama navuta sigara. Wageni wengine nikiwa nawaandikisha wananitazama mdomoni tu. Shangazi, inauma.

Chanzo nakijua, ni maji. Kisima chetu cha pampu kina floraidi nyingi, yaani madini ya asili yanayotoka ardhini, kama vilivyo visima vingi vya Singida, Manyara na Arusha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, huliharibu jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, tangu mtoto akiwa mchanga hadi kufikia miaka 8 hivi. Kwa hiyo rangi hii si uchafu. Imo ndani ya jino lenyewe, upige mswaki usipige.

Wenzangu kazini wananiambia nitumie ndimu na bekingi soda, mwingine anasifia mkaa wa kusaga. Daktari wa meno alinikataza vyote. Ndimu inalainisha tabaka la juu la jino, ukisugua hapo hapo unalikwangua, na tabaka hilo likiisha halirudi. Kuna pia jeli ya kung'arisha meno inayouzwa kwa simu na kuletwa na bodaboda. Boksi lake halisemi kiasi cha peroksaidi, ile dawa inayong'arisha, kilichomo, hivyo sikuinunua.

Alichonishauri yeye ni kuanza kwa kuyasugua meno kwa asidi maalumu iliyochanganywa na unga laini, ili kuondoa tabaka jembamba sana la juu lenye kahawia. Baada ya hapo ndipo ayang'arishe kwa peroksaidi. Naweza kufanyiwa palepale kliniki kwa dawa kali, fizi zikiwa zimekingwa, au akanitengenezea kifuniko cha plastiki kwa kipimo cha meno yangu, nikawa nakitia jeli ya nguvu ndogo na kulala nacho kwa wiki kadhaa. Hii ya pili ni nafuu kidogo na ndiyo niliyoipenda. Alinieleza wazi kwamba meno yanaweza kupata ganzi kwa muda, kwamba mabaka meupe yanaweza kuonekana zaidi mwanzoni, na kwamba kahawia iliyoingia ndani sana huenda isiishe yote. Vigamba vya kubandika vinaficha kila kitu, ila mara nyingi jino hupunguzwa kwanza, na likishapunguzwa halirudi lilivyokuwa. Hilo sitaki. Bima yangu hailipii, maana huo unahesabiwa ni urembo.

Mwezi ujao ni zamu yangu ya kupokea mchezo, na hela hiyo ingetosha matibabu. Lakini juzi nilikwenda nyumbani, nikamkuta mtoto wa dada yangu anakunywa maji ya kisima kilekile kwa kikombe chake cha plastiki. Hata miaka miwili hajatimiza. Meno yake ni meupe pe, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, kwa sababu hayo ni ya utoto. Yale ya kudumu ya mbele yanajengeka sasa hivi, na uharibifu utaonekana akifika darasa la kwanza au la pili. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Dada ana nyumba ya bati. Nikipiga hesabu, simtanki la lita 2,000 likijaa mwishoni mwa masika, kwa miezi saba ya kiangazi ni kama lita 9 kwa siku. Kwa kunywa na uji wa mtoto zinatosha, na kisima kikabaki cha kufulia na kuogea. Ila tanki, mabomba na fundi vitamaliza hela yote ya mchezo.

Dada mwenyewe hataki. Anasema, "Wewe ndiye unayekaa mbele za watu, tengeneza meno yako. Sisi wote tumekunywa haya maji na tupo." Halafu kuna jambo ambalo sijapata jibu lake: majirani watakuja na ndoo, na kwetu mtu hanyimwi maji. Hizo lita 9 zitamfikia mtoto kweli? Wao pia wana watoto wadogo.

Mimi moyo wangu umeelemea kwenye tanki, ingawa nikisimama pale mapokezi asubuhi naona kama najidhulumu. Naomba unishauri niende na lipi kwanza, na kama ni tanki, nizungumze vipi na dada asione namdharau kwa anavyomlea mwanawe. Na kama kuna wasomaji wanaotunza maji ya mvua nyumba yenye majirani wengi, waniambie wanagawanaje. Fundi anataka jibu kabla mvua hazijaanza, na kwetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba.

Msomaji wako,
Dodoma