Risala ya Wanafunzi wa Famasia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Kwenye meza yetu umeona mpira wa shanga wenye nyuzi zilizochomoza pande zote. Huo ni mfano wa liposomu, kifuko cha mafuta chenye upana wa nanomita 100 hivi; chembe nyekundu ya damu ina kama 7,000. Ndani mna doksorubisini, dawa ya saratani. Nyuzi za nje ni polietilini glikoli: huchelewesha seli za ini na wengu kukimeza kifuko, nacho kikazunguka kwenye damu kwa siku kadhaa na kupenya mishipa ya uvimbe, ambayo kuta zake huvuja. Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 1995 kwa saratani ya Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI, ugonjwa ambao wodi za Afrika Mashariki zinaujua vizuri mno.

Mheshimiwa, sifa zake zimeshaimbwa sana. Sisi tutasema inapoharibikia, maana huharibikia mikononi mwa watu wa kada yetu.

Kosa baya kuliko yote ni la jina. Doksorubisini ya kawaida na hii ya liposomu hazibadilishani, hata miligramu zikilingana. Kwa Kaposi, ya liposomu ni miligramu 20 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kila baada ya wiki 3. Mgonjwa mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.6 hupewa miligramu 32, yaani mililita 16 za kichupa chenye miligramu 2 kwa mililita.

Hizo huchanganywa na mililita 250 za dekstrozi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 5. Si maji ya chumvi, ingawa ndiyo yaliyo karibu na mkono kwenye kila rafu. Mpira wa dripu usiwe na chujio. Kichupa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na hakigandishwi, kwani barafu huweza kuharibu utando.

Dripu huanza kwa miligramu 1 kwa dakika. Mgonjwa akisikia joto usoni, kifua kubana au mgongo kuuma, isimamishwe papo hapo. Akivumilia, mwendo huongezwa ili imalizike ndani ya saa moja. Siku za baadaye viganja na nyayo huweza kuwaka na kubabuka. Dozi inayofuata hucheleweshwa, naye aepuke maji ya moto na viatu vya kubana.

Tusitie chumvi, lakini. Uchambuzi wa tafiti za wanyama wa maabara uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kiwango cha katikati cha chembe za nano, yaani chembe ndogo mno kama vifuko hivi, zinazofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya zilizochomwa. Faida tunayoweza kuitetea bila kigugumizi ni moyo kuumia kidogo kuliko kwa doksorubisini ya kawaida.

Chembe za nano hutumika pia kwenye uchunguzi: chembe za oksidi ya chuma huchomwa kwenye titi lenye saratani, kisha kifaa cha sumaku huonyesha tezi ya kwapani ambayo saratani ingeifikia kwanza, ili ikaguliwe, bila kuhitaji dawa ya mionzi. Vyombo vya chuma vya upasuaji huchanganya kifaa hicho, hivyo hutumika vya plastiki.

Mheshimiwa, tunaomba friji moja ya dawa yenye kipimajoto kinachorekodi usiku na mchana, na pampu moja ya dripu ya kufundishia.

Tunaomba kuwasilisha.