Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wajane, na wazee wetu mliotumikia manowari za Marekani,

Mwaka huu tumezika wenzetu watatu. Wote walikuwa mafundi wa boila wakati wa vita vya Vietnam, na wote waliondoka kwa saratani ya utando wa mapafu, mesotelioma.

Tangu miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1970, manowari zilisheheni asbesto, madini ya nyuzi yasiyoshika moto. Iliviringishwa kwenye mabomba ya mvuke, ikakatwa kuwa gasketi, yaani vizibo vya maungio, za pampu na vali. Fundi alikwangua gasketi kuukuu kwa brashi ya waya, vumbi likajaa chumba kisicho na dirisha. Ugonjwa unaoletwa na vumbi hilo hukaa kimya mwilini miaka 20 hadi 50. Kwa hiyo wazee, daktari akiuliza habari za sigara, mwambieni na habari za boila.

Kazi yetu kubwa ilikuwa madai. Tangu hukumu ya Feres ya mwaka 1950, askari hawezi kuishtaki serikali kwa madhara aliyoyapata kazini. Zimebaki fidia ya Idara ya Maveterani na kesi dhidi ya watengenezaji. Machi 2019, katika kesi ya DeVries, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa aliyetengeneza mtambo usioweza kufanya kazi bila asbesto anaweza kuwajibika kwa kutowaonya mabaharia, hata kama asbesto iliwekwa na mwingine. John DeVries na Kenneth McAfee walifungua kesi pamoja na wake zao. Wanaume hao walifariki kesi ikiendelea. Nawataja kwa sababu wajane wengi humu wanaijua safari hiyo.

Mzee wetu mmoja alirudishiwa maombi na ofisi moja kwa kuwa karatasi zake zilisema tu "baharia". Tulimkuta na mpira wa oksijeni puani. Aliomba bahasha, akachora nyuma yake chumba cha injini, akatia alama kila vali aliyoifungua kwa mkono wake. Tuliambatisha mchoro ule na barua ya mwenzake wa melini, na madai yakapita.

Hesabu za fedha anazo mweka hazina. Michango imetosha nauli za hospitali.

Mwezi ujao tunaanza kuandika hati za viapo. Njooni na hati za utumishi, majina ya meli na miaka. Asiye na karatasi, amlete mzee mwenyewe.