Nta za magari: tunachoonyeshwa sicho tunachouziwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika kurasa za biashara za gazeti hili, iliyomsifu muuzaji wa nta ya kung'arishia magari kwa sababu mwandishi alishuhudia kwa macho yake boneti iliyopauka ikigeuka kioo ndani ya dakika chache. Sina shaka kwamba mwandishi aliona alichokiona. Hata mimi nilikiona, miaka minne iliyopita, nikanunua chupa mbili papo hapo. Ninaandika kwa sababu tangu siku ile nimetambua kwamba onyesho lilikuwa la kweli, ila lilithibitisha jambo jingine kabisa, si lile tulilokuwa tukiuziwa.

Niruhusu nilieleze kama nilivyoliona. Muuzaji alikuwa na boneti nyekundu kuukuu, iliyong'olewa kwenye gari na kulazwa mezani chini ya taa. Alibandika utepe katikati, akamimina dawa kidogo upande mmoja, akasugua kwa mzunguko, kisha akatuinulia kitambaa chake cheupe, ambacho sasa kilikuwa chekundu. Akatuambia kwamba huo ndio uchafu uliokuwa ukiiua rangi ya gari. Tuliosimama pale tuliguna kwa mshangao, na waliokuwa nyuma wakasogea mbele. Haukuwa uchafu. Ilikuwa rangi yenyewe.

Magari ya zamani yalipakwa rangi isiyofunikwa na kitu kingine juu yake. Rangi ya namna hiyo ikikaa juani miaka mingi, sehemu yake ya juu huharibiwa na miale ya jua na hewa, ikawa kama vumbi la chaki. Ukiisugua kwa kitu chochote chenye chembechembe laini za kukwangua, tabaka lile lililokufa hutoka na rangi nzima iliyo chini yake hujitokeza iking'aa. Kwa hiyo kilichofanya kazi mbele yetu ni msasa mwembamba uliochanganywa ndani ya chupa, wala si nta. Polishi yoyote ya kawaida ya mafundi rangi ingetoa matokeo yaleyale, na hata dawa ya meno ingefika hapo, ingawa kwa kumchosha mkono msuguaji.

Gari ninaloendesha halina rangi ya namna ile, na la mwandishi wenu bila shaka halina pia. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vilianza kufunika rangi kwa tabaka jingine lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia, na ndilo tunaloligusa tunapoosha gari. Unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani mwembamba kuliko unywele wa kichwani, na ndani yake mna kemikali zinazozuia miale ya jua isiifikie rangi. Klia haitengenezi chaki nyekundu. Inapochoka huchubuka na kubanduka vipandevipande, kama ngozi iliyoungua, na ikishafika hapo hakuna nta duniani itakayoirudisha. Dawa ni kupiga rangi upya. Mwenye gari anayesugua boneti yake kila mwezi kwa dawa yenye msasa, akiamini kwamba anailinda, anakwangua akiba ambayo haijazwi tena. Hilo halikutajwa katika onyesho, wala halikutajwa katika makala.

Kisha ukaja moto, ambao nakiri ndio ulionifanya nitoe pochi. Muuzaji alimwaga mafuta mepesi juu ya sehemu aliyoipaka nta, akawasha kiberiti, miali ikapanda, naye akaizima baada ya sekunde chache na kutuonyesha rangi isiyo na doa. Kwa mtu asiyejiuliza maswali, huo ni muujiza. Lakini kinachowaka pale ni mvuke ulio juu ya mafuta, si mafuta yenyewe yaliyogusana na rangi. Maadamu bado yapo ya kutosha kuvukiza, mafuta hayo hayawezi kupanda joto kupita kiwango chake cha kuchemka, na bati lililo chini yake hulinyonya joto na kulisambaza haraka. Tena, klia ya kiwandani huokwa kwenye tanuri lenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi kabla gari halijauzwa. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi na michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili na inayosifiwa kwenye chupa nyingi kuwa ndiyo ngumu kuliko nta zote za mimea, huyeyuka kwa nyuzi zipatazo 82 hadi 86. Kitu kinachoyeyuka kabla maji hayajachemka hakiwezi kuwa ndicho kilichoikinga na moto rangi iliyookwa kwa joto kubwa zaidi. Upande ambao haukupakwa nta nao ungepona, lakini muuzaji hakuuwasha. Naomba tu msomaji yeyote asijaribu jambo hilo nyumbani kwake.

Maonyesho ya kumwagia boneti tindikali na kuiburutia funguo, ili ionekane kwamba nta inaikinga, nitayapita haraka. Tindikali ikikaa juu ya klia kwa dakika moja kisha ikafutwa, haidhuru sana, ipo nta au haipo. Kinyesi cha ndege huacha alama kwa sababu hukauka juani kwa saa nyingi, na onyesho la dakika moja haliwezi kuiga hali hiyo. Ufunguo nao, ukiuburuta kwa ubavu ulio laini badala ya ncha, hauchani chochote.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni mikwaruzo inayodaiwa kutoweka. Katika nta nyingi za aina hii mna mafuta na vijazio ambavyo huingia ndani ya mikwaruzo midogo na kuiziba, hivyo mwanga ukipita juu yake hautawanyiki tena na jicho hudhani kwamba uso umenyooka. Mikwaruzo ipo palepale. Ukichanganya spiriti na maji, ukapangusa upande uliong'aa, kisha ukaweka taa moja kali na kuinamisha kichwa mpaka uone mwanga wake ukirudi kutoka kwenye boneti, utaiona imerudi yote, imejipanga kwa duara kama utando wa buibui. Mafundi makini hupangusa hivyo kila mara kabla ya kumkabidhi mteja gari, ili wajue kama wameondoa mkwaruzo au wameuficha. Nilimwomba muuzaji apanguse upande wake kwa spiriti. Alitabasamu, akamhudumia mteja mwingine.

Siku hizi nta inaanza kuachia nafasi mipako inayoitwa ya seramiki, na maonyesho yamebadilika pamoja nayo. Sasa tunaambiwa kwamba mpako una ugumu wa 9H, na wasikilizaji wengi, kwa kukumbuka masomo ya shule, hudhani kwamba hiyo ni 9 katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambamo almasi ni 10. Sivyo. Hiyo H ni ya penseli. Kipimo hicho hufanywa kwa kuchora juu ya rangi kwa penseli za ugumu mbalimbali, kuanzia zile laini mpaka 9H, na penseli hata iwe ngumu namna gani ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Mchanga ulionaswa kwenye sponji ya kuoshea gari una madini ya kwatzi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, na ndio unaochora magari yetu. Mpako wenyewe mara nyingi una unene wa mikroni moja au mbili tu. Unasaidia, nao hudumu kuliko nta, lakini si deraya.

Nisije nikaeleweka vibaya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi sisemi kwamba kila kinachotembezwa ni kibaya. Nta niliyonunua ilikuwa nta halali. Ilifanya maji yakusanyike kuwa matone na kuteleza, tope likawa rahisi kutoka, na gari likapendeza kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, nta ya kawaida iliyokaa kwenye duka la vipuri bila kuonyeshwa na mtu yeyote ilifanya hivyohivyo. Nilizilinganisha kwa utepe uleule wa muuzaji: nusu ya boneti yangu niliipaka ile ya onyesho, nusu nyingine ile ya kimyakimya, nikaosha gari kila Jumamosi kwa shampuu ya magari. Wiki ya tano matone yalikuwa yamelegea pande zote mbili. Wiki ya nane maji yalitandaa sawasawa kushoto na kulia, na hata jirani yangu, ambaye sikumwambia upande upi ni upi, alishindwa kuchagua. Kwenye chupa pameandikwa kwamba ulinzi hudumu mwaka mzima. Nilipopiga simu niliulizwa nimetumia sabuni gani, na kabla sijamaliza kujibu nikaambiwa kwamba ndiyo iliyoharibu kazi.

Ni kweli kwamba sabuni kali huondoa nta mapema, na kwamba nta za kutengenezwa kiwandani kwa polima zinaweza kudumu miezi kadhaa pale ambapo karnauba huisha baada ya wiki chache. Lakini mtu anayeuza mwaka mzima anapaswa kuonyesha angalau miezi miwili, na hakuna onyesho la dakika tatu linaloweza kufanya hivyo. Hapa ndipo ninapolilaumu gazeti lako, kwa heshima zote. Makala yenu ilikuwa na jina la muuzaji, sifa za bidhaa na picha ya kitambaa chekundu, lakini haikuwa na swali hata moja, na juu yake hapakuandikwa kwamba ni tangazo. Kama lilikuwa tangazo, wasomaji walistahili kuambiwa. Kama ilikuwa habari, basi mwandishi alipaswa kwenda na chupa ya spiriti na kuomba boneti ya gari la kisasa, kisha arudi baada ya wiki nane kuandika sehemu ya pili.

Chupa yangu ya pili bado haijafunguliwa. Niko tayari kuileta ofisini kwenu pamoja na utepe, ili mwandishi aijaribu kwenye gari lake mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi